Harri Webb wa Wales: mchekeshaji wa baa, au malenga wa siasa aliyewekwa kando?

Mzee wa Trela aliuliza:

Wakuu, salamu. Mimi ni mtu wa Tanga ila naishi Newport, kusini mwa Wales, na kazi yangu ni kuendesha trela. Nina swali kwa wapenzi wa ushairi humu ndani, hasa walimu.

Nimezama kwenye mashairi ya Harri Webb. Wengi wenu hamjamsikia, na hata huku kwao anatajwa kwa beti mbili tatu za kuchekesha, basi. Alizaliwa Swansea mwaka 1920, akasoma Oxford, akaingia Jeshi la Majini wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha sehemu kubwa ya maisha yake akawa mkutubi: kwanza Dowlais, pale juu ya mji wa Merthyr Tydfil, halafu Mountain Ash, bonde la jirani. Nchi ya chuma na makaa ya mawe hiyo. Kwenye siasa alianza na kikundi kilichotaka Wales iwe jamhuri, akahariri gazeti lao, baadaye akawa mtu wa Plaid Cymru, chama cha utaifa cha Wales, na mwaka 1970 akagombea ubunge Pontypool. Hakupita. Alifariki siku ya mwisho ya mwaka 1994, na mwaka uliofuata rafiki yake Meic Stephens akahariri diwani ya mashairi yake yote.

Diwani hiyo niliiokota kwenye duka la vitu vya mtumba, ina doa la chai na jina la mwenyewe wa zamani, na tangu hapo inalala kwenye kabati la kichwa cha lori. Ila kila nikimtaja Webb kwa mtu aliyesoma, jibu ni lilelile: ah, yule wa mashairi ya baa. Wanakubali kwamba ana mashairi mazito machache ya historia. Haya ya kejeli wanayaweka fungu moja na nyimbo za walevi baada ya mechi ya raga.

Mimi naona fungu hilo ndilo lenye siasa yake yote. Chukueni "Ode to the Severn Bridge". Daraja la Severn lilifunguliwa na Malkia Septemba 1966, likaunganisha England na Wales pale mto unapopanuka kuwa kama bahari. Hotuba zikatolewa, bendi zikapigwa. Webb akaandika mishororo minne tu. Ni kama mtu asimame atangaze utenzi, watu wakae vizuri, asome ubeti mmoja arudi kwenye kiti. Anasema nchi mbili sasa zimeunganishwa juu ya maji mapana, na ushuru wote unakusanywa upande wa England. Kwisha.

Niliujua ubeti huu kwa madereva kabla sijaujua kitabuni. Vibanda vya daraja la zamani vilikuwa Aust, ng'ambo ya England kweli. Na kuanzia miaka ya tisini walikuwa wanatoza upande mmoja tu: ukiingia Wales unalipa, ukitoka unapita bure. Mwaka 2017 lori kubwa lilikuwa pauni 20 kuingia. Ushuru ulifutwa Desemba 2018, na mwaka huohuo daraja la pili, lile la mwaka 1996, likapewa jina la Prince of Wales, cheo cha mrithi wa ufalme wa Uingereza. Zaidi ya watu 30,000 walitia saini kupinga jina hilo. Halikuondoka. Kwenye foleni ya mafuta nikamsikia mtu anautamka ule ubeti wa Webb kana kwamba umetungwa asubuhi hiyo.

Watu husema Webb alikuwa kazi yake kuwatukana Waingereza. Someni vizuri. Kisu chake mara nyingi kiko shingoni mwa Wawelisi wenzake. Kuna shairi linaitwa "Our Budgie", la kasuku mdogo wa kufugwa ndani. Ana ngazi yake ndogo, anapanda anashuka kutwa. Ana kioo cha kujitazama na kujisifia, wenzake wawili wa plastiki ya waridi ambao leo anawapenda kesho anawachukia, na kengele ya bati ambayo mambo yakimwendea kombo anaficha kichwa ndani yake. Asipoangaliwa anapayuka na kutikisa tundu, lakini kutoka hajaribu, na ukifunika kitambaa ananyamaza. Mpaka hapo unadhani ni shairi la watoto. Mishororo miwili ya mwisho inasema ndege asiye na faida namna hii angefaa sana kuwa mbunge wa Wales.

Swali langu ni hili: kejeli ya siasa inastahili kukaa kiti cha mbele pamoja na mashairi mazito, au ni kweli tukio likipita na shairi limekwisha? Na la pili: tuna kikao cha mashairi cha Waswahili hapa Cardiff mwezi ujao. Ningependa kusoma moja la Webb kwa Kiswahili. Nichukue lipi?

---

BintiMvita alijibu:

Shikamoo mzee wangu. Mimi nafundisha fasihi Mombasa, na swali lako nimelipenda kwa sababu sisi tuna kidonda hichohicho. Muyaka bin Haji, malenga wetu wa Mombasa wa karne ya kumi na tisa, aliyatunga mashairi yake mengi kwa tukio la wiki ile: vita vya Lamu, Mazrui na Seyyid Said, deni, mke, njaa. Wajuzi husema alilitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Lakini leo nikimpa mwanafunzi shairi la Muyaka bila maelezo, anaona mafumbo matupu. Yale tunayoyaelewa tunayaelewa kwa sababu Mwalimu Sikujua alikaa na mmisionari Taylor akayakusanya pamoja na visa vyake, na Hichens akaja kuyachapa mwaka 1940. Bila wazee wale kusimulia nani alimpiga nani kijembe, nusu ya diwani ingekuwa kimya.

Kwa hivyo swali la "tukio likipita" mimi naligeuza: nani alihifadhi kisa? Shairi la huzuni hubeba kisa chake mgongoni. Shairi la kejeli humwachia msikilizaji akibebe, kwa kuwa siku lilipotungwa kila mtu mtaani alikuwa anakijua. Hilo ndilo hulifanya lionekane jepesi baada ya miaka hamsini. Uzito ulikuwa kwa wasikilizaji, nao wamezikwa.

Kuhusu la kusoma, mimi ningeogopa lile la daraja. Utalazimika kueleza robo saa kwa ajili ya mishororo minne.

---

Kijana wa Kigamboni alijibu:

Mwalimu, kwa heshima, hilo la daraja sisi hatuhitaji hata dakika moja ya maelezo. Daraja letu la Kigamboni ni tulipe tulipe tangu 2016. Mzee, soma la daraja.

---

Aliyepita Aber alijibu:

Nilisoma Aberystwyth miaka kadhaa, kwa hiyo niruhusuni nitie maji kidogo kwenye uji huu.

Kwanza, Webb hakutupwa kiasi hicho. Kitabu chake cha kwanza, The Green Desert cha mwaka 1969, kilipata tuzo ya Baraza la Sanaa la Wales. Wimbo wake "Colli Iaith", wa kupotea kwa lugha, Heather Jones aliuimba na mpaka leo watu wanaujua kwa moyo. Na huyu mtu hakuzaliwa na Kiwelisi, alijifunza ukubwani. Mwaka 1961 waliokuwa wanakizungumza walikuwa asilimia 26 tu ya watu wa Wales, kwa hiyo alikuwa anaomboleza kitu alichokitafuta mwenyewe kwa shida. Ubeti wa mwisho unageuka na kuanza kuhesabu vitakavyorudishwa. Hilo kwangu ni shairi la siasa.

Pili, tuwe wakweli: mengi ya kejeli ni magazeti yaliyotiwa vina. Rampage and Revel cha mwaka 1977 kina kurasa nyingi za vijembe vya msimu na nyimbo za kuinulia glasi. Ukisoma mfululizo unachoka.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mwekeni kando ya R. S. Thomas, yule padri. Mnajua kisa cha Tryweryn? Jiji la Liverpool lilitaka maji. Mwaka 1957 bunge likapitisha sheria ya kulizamisha bonde hilo la Tryweryn, lenye kijiji cha Capel Celyn: shule, posta, kanisa, makaburi. Hakuna mbunge hata mmoja wa Wales aliyeipigia kura ya ndiyo, na ikapita vilevile. Maji yakafunika mwaka 1965. Liverpool waliomba radhi mwaka 2005. Thomas ana shairi linaitwa "Reservoirs", anaanza kwa kusema kuna sehemu za Wales yeye haendi. Mabwawa yale anayaona kama kitu kilichofichika chini kabisa ya akili ya taifa, halafu anawageukia Wawelisi wenyewe na kuwalaumu. Hakuna mzaha ndani yake na ukimaliza hukai sawa. Webb angelishughulikia jambo hilo kwa utani. Utani humpa msikilizaji ruhusa ya kwenda kulala.

Na kama mnataka siasa fupi yenye nguvu, iko barabarani kusini ya Aberystwyth, karibu na Llanrhystud: ukuta wa nyumba ya mawe iliyobomoka ulioandikwa kwa rangi "Cofiwch Dryweryn", ikumbukeni Tryweryn. Maneno mawili. Mwandishi ni huyohuyo Meic Stephens uliyemtaja, enzi akiishi nyumba moja na Webb pale Garth Newydd, Merthyr, nyumba ambayo pia jarida la Poetry Wales lilianzishwa mwaka 1965.

---

Mzee wa Trela alijibu:

Marahaba mwalimu, na ahsante kwa Muyaka. Aber, maji umetia lakini uji bado mzito.

Umesema Webb angelishughulikia Tryweryn kwa utani. Alilishughulikia. Tafuta "Synopsis of the Great Welsh Novel". Anajifanya anatoa muhtasari wa riwaya kuu ya Wales, ile ambayo kila mwandishi wa huko alikuwa anaiandika upya. Shujaa anaitwa Dai K, anaishi mwisho wa bonde. Mara tu baada ya kutwambia hivyo, msimulizi anaongeza, kwa sauti ya karani anayejaza fomu, kwamba mtu hana hakika sana kama bonde limezamishwa au la. Halafu anaendelea na mambo yake! Mama anampenda mwanawe kupita kiasi, baba mlevi, mhubiri kichaa anachoma kanisa, mgodi unalipuka, kwaya inashinda mashindano ya taifa. Mungu mwenyewe anafika kama mtu maarufu wa televisheni, anavuruga mambo, anaondoka na treni ya mwisho kabla reli haijafungwa. Wanaume wanahamia Marekani, Cardiff na mwezini. Anabaki punguani mmoja, Ianto, anawasomea kondoo mashairi ya Sir Lewis Morris, kisha anajirusha kwenye machimbo yaliyoachwa.

Na shairi linafunga kwa namna ileile ya karani: mtu hana hakika sana kama hii ni hadithi au la.

Sasa niambie, Aber, huo ni utani wa kwenda kulala? Thomas anasimama kando ya bwawa na kukataa kulitazama, na shairi lake nalivulia kofia. Webb anakuonyesha jambo jingine: watu ambao kijiji chao kimezama wakaendelea kusimulia habari za kwaya. Anakufanya ucheke, na ukishacheka unagundua umelipita bonde lililozama kwa mwendo uleule walioupita wao. Mimi mara ya kwanza nililipita kabisa, nikaenda kucheka na Mungu wa televisheni. Hiyo treni ya mwisho nayo si pambo. Ripoti ya Beeching, ile ya serikali iliyopendekeza reli nyingi zifungwe, ilitoka mwaka 1963 na reli za mabonde zikakatwa moja baada ya nyingine. Kila kichekesho mle ndani kina faili lake ofisini.

Umeniambia pia hakuna mbunge wa Wales aliyeunga mkono kuzamishwa kwa Capel Celyn. Ahsante, maana umenipa ufunguo wa yule kasuku. Wale waheshimiwa walipayuka kweli, walitikisa tundu kweli. Kisha kura ikapita, wakarudi kwenye viti vyao vilevile. Webb hasemi hawakupiga kelele. Anasema kelele ilikuwa sehemu ya fanicha ya tundu, pamoja na ngazi na kioo.

Lakini lile ambalo ningetaka mlisikie ni "Local Boy Makes Good". Kristo anazaliwa Dowlais Top. Viwanda vya chuma vimesimama, hela haiingii, na kwenye baa ya Half Moon hakuna nafasi. Wachungaji wanatoka Twyn y Waun, na mamajusi watatu wanakuja na treni ya Merthyr na Brecon. Jueni tu kwamba kiwanda kikubwa cha Dowlais kilifungwa mwaka 1930 na mji ukabaki mikono mifukoni, na kwamba mwisho wa 1962 reli ya kwenda Brecon iliacha kubeba abiria. Webb alikuwa mkutubi palepale Dowlais. 

Anapokua, Kristo anageuza maji kuwa bia nyeusi, na watu wenye heshima zao wanaandika barua kali gazetini. Analisha wasio na kazi, na wakubwa wanaudhika kwa kuwa hakufuata utaratibu: waheshimiwa wa bodi na kamati wanasema alitakiwa kupitia njia rasmi. Mimi nimewahi kujaza fomu za msaada huku, kwenye ofisi ambayo sitaitaja, na nikaambiwa sentensi hiyohiyo na binti mpole aliyekuwa anakunywa chai. Mwishoni Kristo ananyongwa katika jela ya Cardiff, na gazeti la Western Mail linasema heri ametutoka.

Hapo wengi hucheka wakafunga kitabu. Mimi nilikwama kwenye maneno hayo, jela ya Cardiff. Mwaka 1831 wafanyakazi wa Merthyr waliasi kwa sababu ya mishahara iliyokatwa na madeni. Askari wakaletwa, watu wakapigwa risasi nje ya hoteli ya Castle. Baadaye kijana mmoja mchimbaji, Richard Lewis, anayeitwa Dic Penderyn, akashtakiwa kumchoma askari mguuni kwa singe. Askari hakufa. Maelfu walitia saini kumwombea. Akanyongwa Cardiff tarehe 13 Agosti 1831, na watu wake walimwona shahidi. Pale sasa pana soko la ndani la Cardiff, na kibao ukutani. Napita hapo nikienda kununua samaki.

Harri Webb ndiye aliyeandika kijitabu kuhusu Dic Penderyn na maasi yale mwaka 1956. Kwa hiyo anapomnyonga Kristo Cardiff anajua kamba ni ya nani. Shairi la Krismasi la kuchekesha watu baa limebeba maiti ya mwaka 1831 ndani yake, na watu wa Merthyr waliolisikia walijua. Mwalimu, ni kama ulivyosema, kisa kilikuwa kwa wasikilizaji.

Na tazameni nani analaumiwa humo. Hakuna Mwingereza hata mmoja! Bodi ni za huko, baa ni ya huko, gazeti ni la Cardiff. Nadhani hii ndiyo sababu hasa wakubwa wa fasihi ya huko waliona raha kumwita mchekeshaji. Ukimpa mtu cheo cha mchekeshaji, huna haja ya kuuliza alikuwa anamcheka nani.

Kuhusu magazeti yaliyotiwa vina, kukubali nakubali. Yapo, na mengine yanachosha. Ila hatumhukumu Thomas kwa mashairi yake mabovu.

---

Aliyepita Aber alijibu:

Hilo la Dic Penderyn umenibana, sikuwahi kuviweka pamoja. Lakini bado kuna jambo moja unalikwepa, mzee. Miaka ile ya sitini haikuwa ya vicheko tu. Mabomba yalipigwa mabomu. Usiku wa kuamkia kutawazwa kwa Prince of Wales pale Caernarfon, Julai 1969, watu wawili walikufa Abergele kwa bomu walilolibeba wenyewe. Washairi wa upande wa Webb walikuwa wanachezea kiberiti, na kejeli husaidia mtu kuchezea kiberiti huku anasema natania.

---

BintiMvita alijibu:

Na mimi nina langu. Huo muhtasari wa riwaya nimekwenda kuutafuta baada ya kukusoma. Wanawake wako wapi humo? Mama anapenda kupita kiasi. Mchumba ana mimba. Tena si yeye peke yake, wasichana wote wa kijiji wana mimba, kwa sababu kumekuwa na uamsho wa dini. (Hapo nilicheka, sikatai.) Mwisho wanaolewa na Waingereza matajiri wapumbavu. Wanaume wanahamia mwezini, wanawake wanahamia kitandani.

---

Mzee wa Trela alijibu:

Mwalimu, nusu yake nakupa. Nusu nyingine ni kwamba anazicheka riwaya zenyewe, maana ndivyo wanawake walivyokuwa wanaandikwa humo: mama wa jikoni, binti wa mimba. Anayecheka riwaya hizo lazima ayaonyeshe hayo. Lakini ukiniuliza kama katika diwani nzima kuna mwanamke anayesimama kwa miguu yake akasema neno, napekua kurasa na mkono unakuwa mzito. Hilo lako.

Aber, jibu lako limo ndani ya shairi lilelile. Free Wales Army, kile kikundi cha wanamgambo wa kudai uhuru wa Wales, wametajwa: wako vichochoroni Jumamosi usiku baada ya dansi, wanafanya upuuzi wao. Hao ni watu wa upande wake, aliowajua. Hakuwaimbia sifa, aliwaweka kwenye orodha moja na mhubiri kichaa na kwaya. Sisemi alikuwa malaika. Yapo mashairi yake ambamo damu ya zamani inapigiwa ngoma kwa sauti ambayo mimi siipendi. Yale ni ya mapanga na wafalme wa kale, na cha ajabu, hayo ndiyo yanayoitwa mazito na kuingizwa kwenye vitabu vya shule. Ya kejeli ndiyo yenye akili timamu zaidi kisiasa. Mtu anayewacheka wenziwe ni vigumu kumpa bunduki.

Sasa, turudi kwenye kikao. Nimejaribu la Kristo wa Dowlais, nikaona nitaudhi nusu ya ukumbi kabla sijafika kwenye jela. Tuna wachungaji wawili na shehe. La daraja kijana wa Kigamboni amelipigia debe, nitalitumia kufungulia. Linalobaki ni kasuku. Nimelianza kwa mizani nane kwa nane. Mwanzo umekaa, ngazi imekaa, kioo kimekaa. Mwisho umenishinda: Webb anamficha mbunge mpaka mwisho kabisa, na mimi kila nikimleta anaingia mapema, kama wageni waheshimiwa wasivyowahi kufanya.

---

BintiMvita alijibu:

Usimwite mbunge. Jaribu hivi:

Akinuna hupayuka, kelele mji mzima,
Vyuma vikatikisika, kwa ghadhabu na kuhema,
Mlango hatausaka, na nje hatatazama,
Kitambaa kikishuka, mheshimiwa hukoma.

---

Mzee wa Trela alijibu:

Mwalimu! Nimeisoma kwa sauti ndani ya kichwa cha lori, Avonmouth, nikisubiri kupakuliwa, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama kuna tatizo.

Ya kwako ni kali kuliko ya Webb kwa jambo moja. Yeye anamlinganisha ndege na mbunge kwa uwazi, wewe humlinganishi, unampa cheo tu, na ukumbi utafanya hesabu wenyewe. Kwa kingine imepungua: kile kicheko cha pole anachokitoa kwa ndege, kwamba kwa ndege hajitahidi vibaya. Hicho nitakitia ubeti wa tatu. Nikuandike jina kwenye karatasi ya ratiba?

---

BintiMvita alijibu:

Andika "kutoka kwa Harri Webb, mkutubi wa Dowlais". Mimi niache, mwaka kesho huku kuna uchaguzi.

---

Kijana wa Kigamboni alijibu:

Mwalimu naye amefunikwa kitambaa.